Rola kosta: treni inayoshuka bila injini, na watu wanaoililia ikibomolewa

Anayeishi mlimani anaijua hali hii. Gari limetoka Marangu linashuka kuelekea Himo. Dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, lakini gari linazidi kuchanganya lenyewe. Linaruka tuta, tumbo linapanda hadi kifuani, watoto wanacheka, na bibi mwenye kapu la ndizi anasema, "Taratibu, baba, tufike."

Duniani kuna watu wanaolipa fedha ili tumbo lao lipande namna hiyo. Wanasafiri nchi hadi nchi kuitafuta hali hiyo. Chombo wanachopanda kinaitwa rola kosta. Na chombo hicho kikizeeka kikabomolewa, wapo wanaotokwa na machozi.

Katika makala haya tunaeleza rola kosta ni nini, inapata wapi nguvu, wapenzi wake ni akina nani, kwa nini inastaafishwa, na sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tuna nini cha kujifunza. Sisi tunaoandaa makala haya hatujawahi kuipanda. Mteremko tunaujua.

Rola kosta ni nini?

Ni treni ndogo ya burudani. Reli yake haiendi mji wowote. Inapanda, inashuka, inapinda, nyingine inawageuza abiria vichwa chini miguu juu, kisha inawarudisha pale pale walipopandia. Safari nzima mara nyingi ni dakika mbili au tatu. Kila abiria anabanwa kwenye kiti kwa mkanda au kwa chuma kinachoshuka mapajani au mabegani.

Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza imejengwa kwa mbao, na juu ya mbao kuna ukanda mwembamba wa chuma ambao magurudumu hupita. Hii hutikisika na kupiga kelele. Ya pili ni ya chuma kitupu. Hii huteleza vizuri zaidi, na ndiyo ambayo mara nyingi huwageuza watu vichwa chini.

Hapa kwetu tumezoea zaidi bembea za sikukuu, na waliofika Dar es Salaam wanayajua mabomba ya kutelezea majini kule Kunduchi. Rola kosta kubwa ziko Marekani, Ulaya, China, Japani na nchi za Ghuba. Kule Abu Dhabi, katika nchi ambayo Waafrika Mashariki wengi wamekwenda kutafuta kazi, kuna moja inaitwa Formula Rossa. Ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa na kasi kuliko zote duniani: kilomita 240 kwa saa. Abiria wa mbele huvaa miwani ili mchanga na wadudu wasiwaumize macho.

Inapata wapi nguvu?

Rola kosta ya kawaida haina injini ndani yake. Mwanzoni mnyororo mrefu unaivuta taratibu hadi kileleni. Ikifika juu, mnyororo unaiachia. Kuanzia hapo inakwenda kwa uzito wake yenyewe hadi mwisho. Ndiyo maana kilele cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote, na vinavyofuata hupungua kimo. Sehemu ya nguvu inapotelea njiani kwa msuguano na upepo.

Wakati inavutwa, abiria husikia mlio wa ka-ka-ka-ka. Huo ni mlio wa chuma kinachojigonga kwenye meno yaliyopangwa kando ya njia. Mnyororo ukikatika, chuma hicho hunasa kwenye jino na treni hairudi nyuma. Mlio huo ambao wageni huuogopa ndio unaowalinda.

Kasi inatokana na urefu wa kushuka. Ukiacha msuguano na upepo, kitu kilichoshuka mita 5 kwenda chini kinafikia kilomita 35 hivi kwa saa. Kikishuka mita 10 kinafikia 50. Kikishuka mita 20 kinafikia 70. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea: uzito hauongezi kasi hiyo. Mtoto na mtu mzima wakiachiwa mteremko mmoja bila kizuizi chochote, watafika chini kwa kasi moja. Uzito unakuja kuonekana pale unapotaka kusimama. Tutalirudia hili mwishoni.

Ili upate picha: rola kosta iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani kwa karibu miaka ishirini, Kingda Ka ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilikuwa na kimo cha mita 139. Geti la Marangu, wanakoanzia wapanda mlima, liko takribani mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900. Mtu akishuka kutoka getini hadi mjini ameshuka karibu mita 1,000, yaani mara saba ya kimo cha Kingda Ka. Tofauti ni kwamba wao walishuka kwa sekunde chache, sisi tunashuka kwa zaidi ya kilomita 30 za barabara.

Kwa nini tumbo linapanda?

Unapopita juu ya kilima kwa kasi, mwili wako unataka kuendelea mbele na juu, lakini kiti kinaanza kushuka chini yako. Kwa nukta moja hukalii kitu. Viungo vya ndani navyo havibebwi na kitu. Ndipo unaposikia tumbo limeelea.

Wapenzi wa rola kosta hubishana sana kuhusu kiti. Wa kiti cha mbele wanasema wao wanaona njia yote. Wa kiti cha nyuma wanasema wao ndio wanaorushwa. Wote wana haki. Treni ni ndefu, hivyo behewa la nyuma linapofika kileleni, la mbele tayari limeanza kushuka na linalivuta. La nyuma linapita kilele kwa kasi kubwa zaidi. Aliyewahi kukaa kiti cha mwisho cha basi kwenye barabara ya matuta haitaji kufafanuliwa zaidi.

Ilianza barafu, ikapitia kwenye makaa ya mawe

Miaka zaidi ya 250 iliyopita, Warusi walikuwa wakijenga vilima vya mbao wakati wa baridi, wanavimwagia maji yakaganda, kisha wanateleza kwa vigari. Mwaka 1817 mjini Paris walijengewa vilima vya aina hiyo vyenye magurudumu badala ya barafu. Hadi leo Wafaransa huita rola kosta "milima ya Kirusi". Warusi wao huita "milima ya Kimarekani".

Kwa Wamarekani, mwanzo ulikuwa kazi. Mwaka 1827 kule Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania, ilijengwa reli ya kushusha makaa ya mawe kutoka mlimani. Mabehewa yaliyojaa yalishuka kwa uzito wake, na nyumbu waliyavuta matupu kurudi juu. Nyumbu hao nao walipanda behewa wakati wa kushuka. Watu walipoona hivyo, nao wakataka kupanda. Kadiri miaka ilivyopita, reli hiyo ikawa ya kubeba watalii badala ya makaa, ikaendelea hadi miaka ya 1930. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua treni ya burudani ya mteremko pale Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Ilikwenda kilomita 10 tu kwa saa, polepole kuliko baiskeli, lakini watu walipanga foleni.

Kazi kugeuka mchezo si jambo geni upande wetu wa Afrika. Mashariki ya Kongo, kuzunguka mji wa Goma, wabebaji hutumia chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli wala injini. Kinapanda kwa kusukumwa na kushuka kwa mteremko, kikiwa na magunia ya viazi au makaa. Mjini Goma kimejengewa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Na hapa kwetu, mtoto aliyechonga kigari cha mbao akakiachia kwenye njia ya kihamba amefanya kile kile alichofanya Thompson, ila hakutoza nauli.

Wapenzi wake ni akina nani?

Ni watu wa kawaida: walimu, mafundi, wastaafu, wanafunzi. Mwaka 1978 huko Marekani walianzisha chama chao, American Coaster Enthusiasts, ambacho kina maelfu ya wanachama. Wengi huweka daftari la rola kosta walizopanda, kama mpenzi wa mpira anavyokumbuka mechi. Wapo waliopanda mamia. Chama hicho pia hutetea rola kosta za zamani zisivunjwe, na huziwekea vibao vya kumbukumbu.

Ungedhani wanapenda za kasi tu. Sivyo. Nyingi wanazoziheshimu ni za zamani na za polepole. Cyclone ya Coney Island, ya mbao, ilifunguliwa mwaka 1927 na mwaka 1988 ikatambuliwa na Jiji la New York kuwa urithi wa kihistoria. Leap-the-Dips ya Pennsylvania ilijengwa mwaka 1902. Ilifungwa mwaka 1985, wapenzi wake wakachangishana na kuihangaikia, ikafunguliwa tena mwaka 1999. Kasi yake ni kilomita 16 tu kwa saa.

Nyingine mbili wanazozitaja kwa heshima ni Scenic Railway ya Melbourne, Australia, ya mwaka 1912, na Rutschebanen ya Copenhagen, Denmark, ya mwaka 1914. Katika hizi mbili, mtu wa breki husafiri ndani ya treni pamoja na abiria. Anaijua kila kona. Anavuta breki pale panapohitajika na kuachia pale panaporuhusu. Maisha ya watu yako mkononi mwake, na abiria wanamwona kwa macho.

Kwa nini zinastaafishwa?

Chuma kinachoka. Mbao zinaoza. Vipuri vinakosekana, gharama ya matengenezo inapita mapato, au mwenye ardhi anataka kujenga kitu kingine.

Vortex ya Kings Island, jimbo la Ohio, ilifunguliwa mwaka 1987. Mwaka 2019 wenye bustani walitangaza kwamba muda wake wa kutumika umefika mwisho, wakataja siku ya mwisho: Oktoba 27. Watu walipata mwezi mmoja wa kuiaga. Walioipanda wakiwa watoto walikuja na watoto wao.

Kingda Ka haikupata bahati hiyo. Ilifunguliwa mwaka 2005. Novemba 2024 ilitangazwa kuwa imefungwa moja kwa moja, wakati siku yake ya mwisho ilikuwa tayari imepita. Februari 28, 2025 mnara wake uliangushwa kwa baruti. Wengi walilalamika, na lalamiko moja halikuwa kubomolewa. Lilikuwa kunyimwa nafasi ya kuaga.

Afrika nayo ina yake. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, palikuwa na bustani ya burudani iitwayo Ratanga Junction, iliyofunguliwa Desemba 1998. Rola kosta yake maarufu iliitwa Cobra. Viti vyake vilining'inia chini ya reli, hivyo miguu ya abiria ilielea hewani. Bustani hiyo ilifungwa Mei 1, 2018.

Na ipo iliyokufa ikafufuka. Kule Crystal Beach, Kanada, mwaka 1927 ilijengwa Cyclone nyingine, kali mno. Muuguzi alikaa kituoni kuwasubiri waliozimia. Iliogopwa hadi wateja wakapungua, ikafungwa mwaka 1946. Chuma chake kikatumika kujengea rola kosta mpya, Comet, iliyofunguliwa mwaka 1948. Bustani hiyo nayo ikafungwa mwaka 1989, Comet ikauzwa kwa mnada, ikafunguliwa vipande vipande na kusimikwa upya jimbo la New York. Ikaanza kazi tena mwaka 1994. Ya kwanza watu waliikimbia. Ya pili, iliyojengwa kwa chuma kile kile, watu waliifuata hadi nchi nyingine.

Sisi tunayo yetu

Mtu wa Moshi anaweza kuuliza: machozi yote haya kwa ajili ya treni ya kuchezea? Tuikumbuke treni yetu wenyewe.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, ilifika Moshi mwaka 1911. Vizazi vilipanda treni hiyo kwenda shule, kwenda mashamba ya mkonge, kwenda pwani. Katika miaka ya 1990 safari za abiria zilisimama. Stesheni ilibaki, reli ikaotewa na majani. Watoto walizaliwa na kuwa wazazi bila kuona behewa la abiria likiingia mjini. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi, na Oktoba 2020 ikafika tena Arusha.

Ilipofika, walikwenda stesheni hata wasiokuwa na safari. Wazee waliwaonyesha wajukuu. Basi lilikuwa linafika mapema zaidi, na wote walijua hivyo. Walikwenda kwa sababu mwili unakumbuka mtikisiko, mlio wa magurudumu na harufu ya stesheni usiku. Huwezi kuviweka kwenye picha wala kuvihifadhi kabatini. Chombo kikiondoka, vinabaki kwa wale waliovipanda tu. Hicho ndicho wapenzi wa rola kosta wanacholilia.

Breki: somo kwa anayeshuka mlima

Tofauti kubwa kati ya mteremko wa rola kosta na mteremko wetu ni ukaguzi. Katika bustani zinazoendeshwa vizuri, kila asubuhi kabla abiria wa kwanza hajapanda, mafundi huikagua njia, kisha treni tupu hutumwa izunguke. Magurudumu yako ya aina tatu: ya juu ya reli, ya pembeni na ya chini, ili treni isiweze kunyanyuka. Njia imegawanywa vipande, na treni mbili haziruhusiwi kuwa kwenye kipande kimoja. Breki nyingi za kisasa ni za sumaku, hivyo zinashika hata umeme ukikatika. Watu hupiga kelele za hofu, lakini aliyejenga chombo ameshapanga mahali pa kusimama kabla hajapanga mahali pa kushuka.

Bodaboda anayezima injini kutoka Kibosho hadi mjini ili kubana mafuta, na kijana mwenye baiskeli na mikungu miwili ya ndizi, wao wameanza na kushuka. Haya ndiyo ya kukumbuka:

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Anayeshuka kwa kilomita 40 kwa saa hahitaji nafasi mara mbili ya anayeshuka kwa 20 ili asimame. Anahitaji mara nne.

Ukiacha msuguano na upepo, mzigo haukuongezei kasi ya kushuka, lakini unakuongezea kazi ya kusimama. Mikungu ikiwa na uzito sawa na wako, breki zinafanya kazi karibu mara mbili. Breki zilizokutosha ukiwa mtupu zinaweza zisikutoshe ukiwa na mzigo.

Usiweke gari au pikipiki frii mteremkoni. Gia ndogo huifanya injini isaidie kuzuia. Ukitegemea breki peke yake kwa kilomita nyingi, zinapata moto, na breki zilizopata moto hazishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, simama zipoe.

Wakati wa masika, raba za breki za baiskeli zilizolowa hushika kidogo sana. Anza kubana mapema, kabla ya kona.

Kwa watoto wenye vigari vya mbao: wachague njia inayoishia kwenye tambarare au kwenye majani, isiyoingia barabarani wala korongoni. Chini awepo mtu wa kuangalia. Huyo ndiye mtu wao wa breki.

Na kwa bembea za sikukuu, mzazi kabla hujalipa tazama mzunguko mmoja. Je, kila kiti kina kifungo, na mwendeshaji amekikagua kwa mkono wake mwenyewe? Kama hakikagui cha mwenzako, hatakikagua cha mwanao.

Tunapenda kushuka. Kupenda huko hakuna ubaya, kumeleta burudani duniani kwa zaidi ya miaka 200. Lakini Vortex inakumbukwa kwa furaha kwa sababu kuna aliyesema inatosha kabla haijaua mtu. Kesho asubuhi, kabla hujatoka nyumbani kushuka mjini, ukiwa bado umesimama, bana breki zote mbili na usukume baiskeli mbele. Ikisogea, usipande.